Trekta la Mogesi na Ng'ombe wa Rhobi

Miaka ile, mtu wa Kemambo akitaka kununua maksai hakwenda mnadani peke yake. Alipita kwanza kwa Mogesi Waitara, akamkuta mlangoni pa zizi lake, akamwambia, "Twende ukanitazamie." Mogesi hakuuliza mnada upi wala mtu ana fedha kiasi gani. Alichukua fimbo yake, akamwambia mkewe Nyangi kwamba atarudi jua likishuka, wakaondoka.

Mnadani watu walimpisha. Hakuanza na pembe, kama wafanyavyo vijana, wala hakuanza na rangi. Alianza nyuma. Alisimama hatua sita hivi nyuma ya maksai, akayatazama mapaja yake na namna anavyozitua kwato akitembea. Kisha alitaka mnyama apandishwe kilima akikokota gogo, na akifika juu Mogesi alimwekea kiganja ubavuni, akafumba macho, akasikiliza pumzi. Ikiwa pumzi ilitulia kabla yeye hajamaliza kunusa ugoro wake, aliinamisha kichwa kukubali. Ikichelewa, aligeuka akaenda zake bila neno, na mnunuzi akajua kwamba pale hapana maksai.

Tangu kabla ya vita ya pili alikuwa akichagua hivyo, akiwachagulia watu wa Kemambo, wa Genkuru, na hata wa ng'ambo ya mto Mara. Hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea. Yeye mwenyewe aliikumbuka moja, na siku hiyo hakuwa akichagua maksai. Alikuwa akichagua mkwe.

Mwaka hamsini na tano, mzee Nashoni wa Genkuru alituma watu kumposea mwanawe Rubeni binti wa Mogesi, aitwaye Rhobi. Maneno hayakuwa marefu. Siku ya mahari ng'ombe ishirini na wanne walipandishwa kilimani asubuhi moja, wakajaza uwanja, na Mogesi akawazunguka mara mbili akiwa na fimbo yake nyuma ya mgongo. Walikuwa ng'ombe wa kupendeza. Hapakuwa na kiwete miongoni mwao, wala kizee aliyechomekwa katikati ili kutimiza hesabu.

"Nyumba yenye ng'ombe kama hawa si nyumba mbaya," alimwambia Nyangi.

Rubeni mwenyewe alikuwa amesimama karibu na ua, mikono mifukoni mwa koti. Ndama mmoja akampitia mbele, akasita, akamziba njia. Rubeni akampiga teke la mbavu, ndama akaanguka kwa magoti. Nyangi aliona. Mogesi wakati huo alikuwa ameinama, akizitazama kwato za ng'ombe mwekundu mwenye pembe zilizoinama.

Rhobi akaenda Genkuru. Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokuwa zinaanza, Mogesi alikuwa akilima mteremko wake wa mawe, jozi mbili za maksai zikiwa mbele, mnyororo wa plau ukakatika. Maksai walisonga, plau likamrudia, akabiringika nalo mpaka chini kwenye mkondo wa maji. Alilala hospitali ya Tarime miezi miwili na nusu. Aliporudi, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na nyonga ilimshika kila alipopiga hatua mia. Kutembea nyuma ya plau tangu asubuhi hadi saa sita likawa jambo la zamani.

Mwanawe wa pekee, Marwa, alikuwa kwenye mashamba ya chai huko Kericho. Basi Nyangi ndiye aliyeshika plau msimu ule, na pale aliposhindwa iliitwa risaga, yaani majirani wote kuja kulima kwa siku moja, wanywe pombe, na kesho kazi iende kwa mwingine. Majirani walikuja bila manung'uniko. Lakini risaga ina zamu, na zamu ya kwenda kwa Filemoni ilipofika Mogesi alikwenda kukaa chini ya ukingo wa shamba, akawanolea watu majembe. Hakuna aliyemtania. Filemoni, ambaye ni rafiki yake tangu utoto na ulimi wake haujui kupumzika, siku ile naye alinyamaza. Hilo ndilo lililomuuma Mogesi.

Filemoni ndiye aliyeleta habari, mwanzoni mwa mwaka hamsini na saba. Alikuwa ametoka Tarime kuuza tumbaku. Alisema mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Kanji, ameweka trekta uani kwake. "Si yale makubwa ya serikali. Dogo, la kijivu. Mtu analikalia kama kiti, linalima. Mogesi, hata wewe ungelima. Unachohitaji ni makalio tu."

Usiku mmoja ulitosha kwa Mogesi kulifikiri. Asubuhi alimweleza Nyangi akiwa anakamua.

"Utalinunua kwa nini?" Nyangi aliuliza, bila kuinua kichwa kutoka kwenye chuchu za ng'ombe.

"Kwa ng'ombe. Nina kitu gani kingine?"

"Ng'ombe wapi?"

Mogesi alinyosha fimbo kuelekea zizini. Nyangi alimaliza kukamua, akaweka kibuyu pembeni, akajifuta mikono.

"Baba Marwa, wale ni ng'ombe wa Rhobi."

"Marwa ndiye angeoa kwa ng'ombe hao, naye ameshaandika kwamba haoi karibuni."

"Sisemi habari za Marwa. Rhobi hajatulia kule."

"Kila msichana hulia mwaka wa kwanza."

"Huu ni wa pili," alisema Nyangi.

Hakuna aliyehitaji kumfafanulia mwenzake. Kwa kawaida ya kwao, mwanamke akimwacha mume kabla hajazaa, ng'ombe wa mahari hurudi walikotoka, na ndama waliozaliwa hurudi pamoja nao; aliyekufa, ngozi yake huhesabiwa mahali pake. Baba akiwa bado nao zizini, binti ana njia ya kurudi nyumbani. Baba akiwa amewatumia, binti atarudishwa kwa mumewe na wazee wale wale wa ukoo wake, kwa maneno ya upole, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa sababu hakuna cha kulipa. Rhobi alikuwa hajapata mtoto.

Mogesi alijua yote hayo. Lakini alikwenda Tarime.

Ua wa Kanji ulikuwa nyuma ya duka, umezungushiwa mabati. Kanji alizaliwa Musoma, na Kikuria chake kilikuwa cha kuhesabia tu. Dereva wake, Simoni, kijana mrefu kutoka Nata, alikuwa amelala chini ya lori na miguu tu ikionekana. Alipotoka akampa Mogesi shikamoo, akajipangusa mafuta.

Trekta la kijivu lilisimama juani. Mogesi hakulisogelea. Alisimama mbali.

"Lisogeze mbele," alisema.

"Mzee, ukitaka kuona injini iko huku."

"Nimeiona. Lisogeze, mimi nisimame nyuma."

Simoni alimtazama Kanji, Kanji akainua mabega. Trekta likawashwa, likaenda, likarudi. Mogesi aliyafuata magurudumu ya nyuma kwa macho, akatazama kama yanakwenda sawa au moja linavuta. Akataka lipandishwe kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya soko, likikokota tela lililojaa matofali. Walipanda wote watatu, Mogesi akichechemea. Juu kabisa akaweka kiganja ubavuni mwa injini, akakiondoa upesi.

"Ana homa."

Simoni alicheka mpaka akashika usukani. "Mzee, huyo akipoa ndiyo amekufa."

"Mwache aendelee kuhema," alisema Mogesi, akatoa kopo lake la ugoro. Alinusa taratibu, akisikiliza. Mlio ulikuwa mmoja, haukurukaruka. Akafunga kopo. "Sasa mzime. Nitakuja kesho alfajiri."

"Kufanya nini tena?" aliuliza Kanji.

"Kumwona akiamka."

Alilala kwa ndugu yake mmoja pale mjini. Jogoo wa pili alimkuta tayari yuko mlangoni pa ua, amejifunika blanketi. Kulikuwa na umande na baridi ya Tarime inayoingia mifupani. Simoni alikuja akipiga miayo, akazungusha hendeli mara moja, kimya, akazungusha mara ya pili, na trekta likaamka. Mogesi akainamisha kichwa. Wale waliomjua mnadani wangejua kwamba biashara imekwisha.

Aliruhusiwa kulipanda. Simoni alisimama nyuma yake, akimwelekeza mguu wa kukanyaga, na bahati ilikuwa kwamba klachi ilikanyagwa kwa mguu wa kushoto, ule mzima. Mogesi alilizungusha ua mara nne. Mara ya nne Simoni alishuka, akamwacha peke yake. Ilikuwa miezi kumi tangu amalize kazi yoyote bila mtu kumwonea huruma. Aliposhuka alikuwa anatabasamu, akageuza uso ili Kanji asipandishe bei.

"Ng'ombe ishirini na wawili," alisema Kanji, "na nichague mwenyewe."

"Ukichagua mwenyewe utaondoka na kumi na tano wabaya. Nitakuchagulia mimi."

Kanji alicheka, wakapeana mikono. Kanji angemwekea trekta hadi mnada wa mwisho wa mwezi.

Pembeni, karibu na mapipa, palikuwa na kitu kingine: magurudumu mawili, injini ndogo katikati, na mikono miwili mirefu ya chuma kama ya plau. Mogesi aliuliza kwa ajili ya kuuliza tu.

"Hilo nalo ni trekta," alisema Simoni. "Unatembea nyuma yake. Linalima bustani, linakokota pipa la maji, kuni, mawe. Ni la kazi za nyumbani. Bwana Kanji atalitoa kwa ng'ombe saba."

"Ni la mtu mwenye miguu miwili," alisema Mogesi, akaondoka.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kutomsikiliza Nyangi. La pili lilikuwa kumwambia Filemoni. Kabla ya jua kuzama kilima chote kilijua kwamba Mogesi analeta trekta la kukalia, na watu wakaanza kusema ni shamba la nani litakalofuata baada ya lake. Wengine walikwenda hata kumpanulia mlango wa ua.

Wiki iliyofuata alikwenda Genkuru. Si sheria, lakini ni heshima kumwambia mkwe kwamba ng'ombe wake wanakwenda kuuzwa. Nashoni hakuwapo, alikuwa ameitwa kwenye kikao cha ukoo. Rubeni naye hakuwapo, na hakuna aliyesema yuko wapi. Rhobi alikuwa peke yake, anapepeta ulezi kivulini mwa ghala.

"Shikamoo, tata," alisema, kwa neno lao la kumwita baba.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Alimletea kigoda, kisha akamletea uji. Aliuleta kwa mkono wa kulia tu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba. Mogesi alivitazama. Rhobi akauweka mkono nyuma yake.

"Niliteleza kisimani," alisema.

Mogesi alikunywa uji. Alikuwa amejiandaa kusimulia habari ya trekta tangu mwanzo, pamoja na kicheko cha Simoni na jinsi lilivyoamka asubuhi, lakini hakuona mahali pa kuanzia. Rhobi ndiye aliyeuliza kwanza.

"Ng'ombe hawajambo, tata?"

"Hawajambo."

"Yule mwekundu wa pembe za kuinama?"

"Yupo. Amezaa jike."

"Na mweusi mwenye kiraka kifuani?"

"Yupo."

"Yule wa madoa aliyekuwa na mimba alipokuja?"

"Alikufa kwa ndigana, masika yaliyopita. Ngozi yake ninayo."

Rhobi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeandika. Kisha akaendelea. Aliuliza mmoja mmoja: wa kijivu mwenye nundu ndefu, pacha wawili wa rangi ya majivu, mwenye sikio lililochanika. Hakurudia wala hakumsahau hata mmoja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya binti anayeulizia habari za nyumbani. Alipomaliza wa ishirini na nne alichukua ungo wake, akaupeleka juu na chini kwa mkono mmoja.

"Basi wote wapo," alisema.

"Wote wapo," alisema Mogesi.

Kikombe kilikuwa kitupu lakini aliendelea kukishika. Siku ile ya mahari yeye ndiye aliyewatazama ng'ombe hawa mmoja mmoja, na alidhani hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Kumbe binti yake, aliyekuwa ndani na wanawake, amejifunika kanga mpya, alikuwa akichungulia, na kwa miaka miwili amewashika kichwani hivyo, kila mmoja na rangi yake. Hakumwambia kwamba tayari ameshampa Kanji mkono kwa ishirini na wawili wao.

"Nitakwenda," alisema. "Msalimie mkwe."

Njia ya kutoka Genkuru hadi nyumbani ni ya saa moja na nusu kwa mtu mzima wa miguu. Mogesi alitumia mchana wote. Alikaa mara nyingi. Aliyepita njiani akamsalimu angedhani ni nyonga.

Nyumbani alimwuliza Nyangi, "Siku ile ya mahari, wewe ulimwona Rubeni?"

"Nilimwona."

"Uliona nini?"

Nyangi akamwambia habari ya ndama. Ndama yule sasa alikuwa dume, amesimama pale pale zizini anacheua. Mogesi alimtazama kwa muda mrefu.

Kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi alitoa ng'ombe saba, na hao walikuwa wake mwenyewe: maksai wanne wa plau, madume wawili, na ng'ombe tasa mmoja aliyekuwa mnene. Maksai wale aliwachagua tangu wakiwa ndama, akawafundisha nira mwenyewe. Walikwenda Tarime kwa siku mbili, yeye akiwa amepanda punda wa kuazima, aibu nyingine hiyo. Kanji hakuwatazama hata kwato. Mogesi alimtafuta mchungaji wa Kanji akamwambia majina yao, na kwamba yule wa kushoto mbele hapendi kuguswa masikio.

Kisha akaenda kwenye mapipa. Lile la kijivu lilikuwa pale pale, limepanguswa vumbi kwa ajili yake. Alipita karibu nalo bila kugeuza shingo.

"Hili dogo lisogeze mbele," alimwambia Simoni. "Nisimame nyuma."

Simoni hakucheka safari hii. "Mzee, wewe ulisema hili ni la mwenye miguu miwili."

"Nyumbani iko miguu mingine."

Kanji alikuja mbio kutoka dukani. Alikasirika kidogo, kisha akalia kidogo kwa maneno, akasema kuna mtu wa Sirari alilitaka la kijivu na yeye akamkataa. Mogesi alimwacha aseme mpaka akachoka. Hakumwambia sababu. Alijua kwamba mkono aliotoa ameuvunja, na kwa mtu wa mnadani hilo ni jambo, kwa hiyo alimwongezea beberu juu ya wale saba. Baada ya hapo akaikagua ile mashine ndogo kama alivyolikagua la kijivu, bila kupunguza chochote: ilipanda kilima, ikawekewa kiganja, ikasikilizwa kwa ugoro, ikaachwa ilale, ikaamshwa alfajiri. Iliamka kwa mvuto wa tatu wa kamba. Pumzi yake ilikuwa fupi lakini ilirudi upesi. Kichwa kikainama.

Lori la Kanji liliishusha barabarani, na kutoka hapo Simoni aliitembeza hadi kilimani, Mogesi akifuata juu ya punda. Watu walikuwa wamejipanga njiani tangu saa tatu. Walipoiona, Filemoni akasogea mbele, akaizunguka.

"Mogesi," alisema, "huyu mama yake amebaki Tarime?"

Kilima kizima kikacheka.

"Umeleta ndama. Ameshaachishwa maziwa, au tumtafutie ng'ombe wa kumnyonyesha?"

"Huyu hakui, Filemoni," alisema Mogesi. "Mzoee hivyo hivyo."

"Na ule mlango wa ua tuliokupanulia?"

"Utapitia wewe na tumbo lako."

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa chepesi zaidi. Lakini jioni hakuna aliyekuja kuuliza zamu yake ya kulimiwa. Mogesi alikaa mlangoni pa zizi. Nyangi alipita mbele yake akaingia ndani ya zizi, akasimama katikati ya ng'ombe. Alikuwa akihesabu, midomo yake ilionekana. Usiku ule aliweka nyama kwenye ugali wa mumewe ingawa haikuwa siku ya nyama, na asubuhi alijitwisha kapu akaenda Genkuru.

Alimwambia Rhobi sentensi moja tu, kwamba baba yako anasema wote wapo. Siku ya tatu walirudi wawili.

Nashoni alikuja baada ya wiki, akiwa na wazee wawili wa kwao. Rubeni hakuja naye. Nashoni alikuwa mtu mzito, mpole, mwenye mvi, na alipokaa alionekana kama mtu aliyelala vibaya. Wazee walisema yaliyopasa kusemwa, kwamba binti arudi, kwamba kijana ataonywa. Mogesi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Rhobi," aliita. "Njoo uwaonyeshe wazee mkono wako."

Rhobi akaja, akafungua kitambaa. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Nashoni alitazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Fungua zizi," alisema.

Walihesabu pamoja, wanaume wawili waliozeeka wakitazama ng'ombe. Ishirini na wawili walitoka kwa miguu yao. Ngozi mbili, ya yule wa madoa na ya mwingine aliyeuawa na chui, zilitandazwa chini, na Nashoni akazigusa kwa fimbo, akakubali. Ndama saba wakafuata mama zao. Yule dume aliyepigwa teke alitoka wa mwisho, akasimama mlangoni, akawaziba njia. Mogesi akamngoja mpaka alipoamua mwenyewe kwenda.

"Nilikuwa nimesikia umewauza," alisema Nashoni wakati wa kuagana. "Nilisikia umenunua trekta. Nikasema moyoni, basi msichana amefungwa." Aligeuza fimbo mkononi. "Sikufurahi niliposema hivyo. Nataka ujue."

"Najua, mkwe."

"Si mkwe tena."

"Najua," alisema Mogesi.

Zizi lilibaki na ng'ombe wa maziwa wawili na nafasi kubwa. Mvua zilipokuja, Rhobi ndiye aliyeshika mikono ya ile mashine. Mkono wake wa kushoto haukupata nguvu yote, kwa hiyo Mogesi alichonga kigingi cha mti na kukifunga kwenye chuma, aegemeze kiwiko. Mteremko wa mawe uliishinda. Pale waliacha majani yakaota. Lakini bondeni ililima, na mawe ya mteremkoni iliyakokota kwenye sleji, yaani gogo la panda la kuburutia mizigo, mpaka ukuta wa zizi ukamalizika. Maji ya kisimani yalikuja kwa pipa. Mogesi alikaa juu ya sleji akishika pipa, mguu mfupi ukiwa umenyoshwa, na akina mama wa kisimani walimwita bwana harusi. Mwaka wa pili watu walianza kuazima, kwanza Filemoni, ambaye alikuja akiwa amesahau kabisa kwamba alimwita ndama.

Mwaka hamsini na tisa walikuja tena wageni wa kumposea Rhobi. Kijana alikuwa wa upande wa Serengeti, wa kabila la Waikoma, jina lake Mokami, na ng'ombe wao waliachwa chini ya kilima ili baba wa msichana ateremke kuwatazama, kwa kuwa sifa yake ilikuwa imefika hata kule.

Mogesi hakuteremka. "Ng'ombe wataniona baadaye," alisema. Akamwomba kijana amsaidie kupandisha pipa la maji kutoka kisimani, kwa kuwa nyonga ilikuwa mbaya siku hiyo.

Watu wazima walishangaa, lakini kijana alivua koti akaenda. Rhobi alimwonyesha kamba ya kuvuta na mahali pa kushika. Katikati ya kilima, pale penye utelezi, mashine ilifanya kama ilivyofanya kila mara ikibebeshwa pipa lililojaa: ilikohoa, ikazima, pipa likamwagia kijana maji mpaka kwenye viatu, mbele ya ukoo wake wote na wa Rhobi.

Mogesi alikuwa nyuma yake hatua sita. Alitoa kopo la ugoro. Hakumtazama kijana, alimtazama Rhobi, aliyekuwa amesimama juu ya jiwe, mikono imekunjwa, ule uliopinda ukiwa juu.

Mokami alisimama akijitazama viatu. Akavivua, akaviweka juu ya nyasi. Akachuchumaa akaigusa mashine kwa kiganja, akaona bado ni ya moto, akakaa chini kuingoja ipoe. Alichukua kijiti akaanza kukwangua tope kwenye gurudumu.

Ugoro ulikwisha. Mogesi alifunga kopo, akangoja.

Rhobi alishuka kutoka kwenye jiwe. "Ukivuta kamba," alimwambia kijana, "vuta polepole mara mbili kwanza. Ya tatu ndiyo ya nguvu."

Ndipo Mogesi alipochukua fimbo yake, akaanza kuteremka kwenda kuwatazama ng'ombe.